Sharti la Kisima Kilichochimbwa na Wengi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Liko suali ambalo vijana wetu wenye kazi za kompyuta hulileta darasani, na wazee wengi huliacha lipite wakidhani ni la mafundi peke yao. Suali lenyewe ni hili: Watu wameshirikiana kuunda programu, wakaitoa bure kwa walimwengu kwa masharti maalumu. Kisha, baada ya miaka, yule aliyeianzisha, au kampuni iliyoshika usukani wake, anataka kuyabadili masharti yale. Je, ana haki? Na ikiwa anayo, mipaka yake ni ipi? Sisi twaona kuwa suali hili si la mafundi peke yao hata kidogo. Ni suali la amana, na amana ni jambo la kila Muislamu, awe muuza samaki au awe kadhi.

Yatupasa kwanza tukifahamu kitu chenyewe. Programu ya kompyuta ni maandishi: fundi huandika maagizo, na mashine huyafuata. Makampuni mengi huyaficha maandishi hayo na kumuuzia mtu matumizi tu, mfano wa mpishi auzaye chakula na kuficha namna alivyokipika. Lakini wako waliochagua njia nyingine. Wao huyaweka maandishi wazi, ili kila mtu ayasome, ayatumie, ayatengeneze na kuwagawia wenziwe. Hizi ndizo ziitwazo programu huria. Wala zisidhaniwe kuwa ni vitu vya mbali nasi. Simu nyingi zilizomo mifukoni mwetu, kutoka Lamu mpaka Vanga, zaendeshwa juu ya Linux, nayo ni programu huria iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchi ya Ufini.

Lakini kitu kuwa wazi si kuwa hakina mwenyewe. Mwandishi hubaki na hakimiliki yake, kisha hutoa ruhusa kwa hati iitwayo leseni. Na leseni hizi, ingawa majina yake ni mengi, asili zake ni mbili. Ya kwanza husema: chukua, fanya utakalo, hata ukipenda kuifunga na kuiuza, ila usilifute jina langu, wala usinidai hasara. Mfano wake ni leseni ya BSD, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ya pili husema: chukua, tengeneza, hata uza; lakini ukimpa mtu mwingine, mpe na maandishi yake, na umpe ruhusa ile ile niliyokupa mimi. Mfano wake ni GPL, ambayo Richard Stallman wa Marekani aliitoa mara ya kwanza mwaka 1989.

Tuyafananishe haya na kisima. Mmoja amechimba kisima akasema: kila mtu ateke, na atakaye ajaze mapipa akauze, sina neno naye. Wa pili amesema: teka, hata kuuza uuze, lakini mlango ulioukuta wazi usimfungie mwenzio. Wote wawili wametoa sadaka. Walichohitilafiana ni sharti tu.

Huenda mtu akauliza: maandishi haya yana haki gani mbele ya Sheria, nayo si shamba wala si jahazi? Jawabu ni kuwa wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, walipokutana Kuwait mwaka 1988, waliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zenye kulindwa na Sheria, na haijuzu kuzivamia. Basi ikiwa ni haki, mwenyewe aweza kuitoa kwa sharti. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Waislamu hufungwa na masharti yao, isipokuwa sharti lenye kuhalalisha haramu au kuharamisha halali. Na Sura ya Al-Maida yaanza kwa kuwaamrisha walioamini watimize maagano. Hatukuambiwa kuwa maagano ya karatasi na wino ndiyo ya kutimizwa, na yaliyoandikwa ndani ya kompyuta yaachwe.

Kadhalika, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mtu akitoa hiba nayo ikapokelewa, hawezi kuirudisha, ila mzazi kwa mwanawe. Jambo hili lakubaliana na desturi ya leseni huria, kwani nakala iliyokwisha tolewa kwa leseni hiyo hubaki na ruhusa yake, na anayebadili sharti hulibadili kwa yale yatakayotoka baadaye. Kwa hivyo ugomvi wetu si juu ya maji yaliyokwisha tekwa. Ugomvi ni juu ya maji ya kesho.

Hatusemi kuwa leseni huria ni wakfu kamili, maana mwenye hakimiliki hakuiondosha milki yake. Lakini yafanana na wakfu katika jambo moja kubwa, nalo ni kuwa watu wameitegemea, wakajenga juu yake, na wengine wakaiongezea kwa mikono yao. Na katika wakfu tunacho kisa cha Sayyidna Umar. Alipopata ardhi Khaybar alimwendea Mtume kutaka shauri, naye akamshauri aizuie asili yake na ayatoe sadaka mapato yake. Ikawa ardhi ile haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi. Na msimamizi wake hakukatazwa kula humo kwa wema bila ya kujilimbikizia. Katika kisa hiki mna mambo mawili ambayo tutayahitaji mbele: asili huzuiwa, na msimamizi hula.

Sasa tutazame yaliyotokea ulimwenguni, kwani hukumu isiyotazama mambo yalivyo ni hukumu kipofu.

La kwanza ni hiyo Linux. Torvalds alipoitoa, sharti lake lilikuwa kwamba mtu asitoze fedha kwa kuigawa. Mwaka 1992 akaliacha sharti lile, akaiweka Linux chini ya GPL. Wakati huo kazi ilikuwa changa, na sehemu kubwa ilikuwa ya mkono wake mwenyewe. Basi alikuwa akibadili sharti la mali yake. Tena badiliko lenyewe lilifungua mlango, halikuufunga: aliyekatazwa kuuza nakala sasa aliruhusiwa, maadamu hamfichi mwenziwe maandishi. Kisha mwaka 2007 ikatoka GPL ya tatu, na Linux ikabaki na ile ya pili. Ni kweli kuwa Torvalds hakuipenda ile mpya. Lakini hata angaliipenda, maelfu ya watu walikuwa wamekwisha andika sehemu za Linux, na kila mmoja ana haki katika alichokiandika. Kisima kilikuwa kimekwisha chimbwa na wengi, na neno la mwanzilishi halikuwa tena neno la peke yake.

La pili si programu bali ni ramani, na mas-ala yake ni yayo kwa yayo. Mwaka 2004 Steve Coast alianzisha Uingereza ramani ya dunia iitwayo OpenStreetMap, ambayo kila mtu aweza kuichangia. Hata Kenya tuna sehemu humo, kwani mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, waliichora mitaa yao wenyewe na kuitia katika ramani hiyo. Leseni yake ya kwanza ilikuwa imetungwa kwa ajili ya vitabu, picha na nyimbo, na wasimamizi wakahofu kuwa haishiki barabara juu ya takwimu za ramani. Wakaazimu kuibadili. Walifanyaje? Hawakukaa chumbani watu wachache wakatangaza asubuhi. Walijadiliana kwa miaka, kisha wakamuuliza kila mchangiaji: waikubali leseni mpya, au huikubali? Aliyekataa, na asiyeonekana kujibu, kazi yake haikuchukuliwa kwa nguvu. Iliondolewa katika ramani mwezi wa Julai 2012, na baadhi ya nchi, kama Australia, zikapata mapengo ambayo watu walilazimika kuyachora upya. Tarehe 12 Septemba 2012 ndipo ramani ikatolewa kwa leseni mpya. Tena wakaweka agano la mbele: leseni ikitakiwa kubadilishwa siku nyingine, lazima iwe nayo ni leseni huria, na thuluthi mbili za wachangiaji walio kazini waikubali.

Tazama, ewe msomaji, gharama waliyokubali kuilipa. Walikubali ramani yao ipungue kuliko kuijaza kwa jasho la mtu asiyeridhia. Sijui wangapi katika sisi wangalikubali hasara hiyo.

La tatu ni Redis. Programu hii iliandikwa na Salvatore Sanfilippo wa Italia, ikatoka mwaka 2009 kwa leseni ya BSD. Nayo kazi yake ni kuhifadhi khabari katika kumbukumbu ya kompyuta ili zipatikane upesi. Ikaenea sana, na kampuni ikajengwa juu yake. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilibadili masharti ya baadhi ya viungo vyake vya ziada, na watu walipoingiwa na hofu ikatamka kuwa Redis yenyewe itabaki katika BSD daima. Mwaka 2020 Sanfilippo akaacha usimamizi. Kisha tarehe 20 Machi 2024 kampuni ikatangaza kuwa matoleo yajayo yatakuwa chini ya masharti mapya, yenye kuwazuia wengine wasiiuze kama huduma bila ya kuafikiana nayo. Sababu waliyoitoa ni kuwa makampuni makubwa ya kukodisha kompyuta yanachuma juu ya kazi yao bila ya kurudisha kadiri ya wanachochuma. Siku nane tu baadaye, baadhi ya waliokuwa wakiitengeneza Redis, na miongoni mwao waajiriwa wa makampuni hayo hayo makubwa, walichukua nakala ya mwisho iliyokuwa huria wakaanzisha programu nyingine iitwayo Valkey, chini ya Linux Foundation na kwa leseni ile ile ya BSD. Mwezi wa Mei 2025 kampuni ya Redis ikarudi nyuma, ikaongeza leseni ya AGPL, ambayo ni huria. Kurejea katika lililo bora ni jambo la kusifiwa, wala hatuwanyimi sifa yao. Lakini Valkey ingali yaendelea, na watu waliokuwa jamaa moja wamekuwa mbili. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hapa mtetezi wa kampuni atasimama aseme: "Hakuna dhulma iliyofanyika. Leseni ya BSD yamruhusu kila mtu kuifunga kazi, na kampuni ni mtu kama wengine. Waliochangia waliisoma karatasi, nao waliridhia." Hoja hii ina nguvu, wala haifai kuidharau. Kwa hukumu ya karatasi amesema kweli. Lakini wanazuoni wetu wa fiqhi wametuachia kanuni, kwamba jambo lililojulikana kwa desturi ni mfano wa jambo lililoshartiwa kwa ulimi. Mtu alipoitwa aje achimbe, hakuitwa kwa karatasi peke yake. Aliitwa kwa neno lililotangazwa, kwamba kisima hiki ni cha wote na kitabaki cha wote. Kwa ajili ya neno hilo aliacha usingizi wake akachimba bila ya ujira. Basi aliyemwita kwa neno, kisha akamhukumu kwa karatasi, hakuvunja sheria ya mahakama, bali amevunja ahadi, na ahadi ni deni. Muislamu hasimami katika mpaka wa lile asiloweza kushtakiwa kwalo. Hujiuliza pia: yule aliyeniamini alifahamu nini, nami nilijua kuwa ndivyo alivyofahamu?

Mwengine atasema: "Mwanzilishi naye ni binadamu, ana watoto, naye apaswa kula." Naam, na hapa ndipo tunapokirejea kisa cha Umar. Msimamizi hula. Aweza kutoza kwa kufundisha, kwa kutengeneza, kwa kuwahudumia wenye haja, hata kwa kuiuza programu yenyewe pamoja na maandishi yake. Wala haitupendezi watu watumiao kazi za bure miaka na miaka, na aliyezifanya wamwache akope sokoni. Lakini kula kwa wema ni jambo moja, na kujigeuza kutoka msimamizi kuwa mwenye kisima ni jambo jingine. Sayyidna Uthman alikinunua kisima cha Ruma pale Madina ili Waislamu wateke, na ndoo yake ikawa sawa na ndoo zao. Hakusema: mimi niliyelipa nitangulie, na wengine wanipe kodi.

Wa tatu atasema: "Lakini matajiri wakubwa wanatuonea. Wanachota usiku na mchana, wala hawarudishi hata tofali moja la kujengea ukingo." Twakubali kuwa jambo hili laudhi. Hata hivyo, aliyeacha mlango wazi na kuandika juu yake "karibuni nyote" hawezi kumwita mwizi aliyeingia. Ikiwa sharti la mwanzo lilikuwa jepesi mno, basi aliyelichagua ndiye mwenye kulaumiwa kwanza. Na akitaka kulitengeneza, dawa ni sharti lenye kuwafunga wote sawasawa, na yeye mwenyewe awemo. AGPL, iliyotolewa mwaka 2007, ina shabaha hii: hata yule asiyempa mtu nakala, bali humhudumia kwa njia ya mtandao kwa programu aliyoibadili, yampasa awape watumiaji wake maandishi ya badiliko hilo. Sharti la namna hii humwambia tajiri: teka, nawe rudisha. Sharti jingine humwambia: usiteke, mimi peke yangu ndiye nitakayeuza. La kwanza ni uadilifu. La pili ni biashara, na biashara ni halali, lakini isivikwe kanzu ya uadilifu.

Wala mtu asifahamu kuwa twasema leseni moja yafaa kwa kila kitu. Sharti hufuata tabia ya kitu. Uko mradi uitwao Tanzil, ambao tangu mwaka 2007 umekuwa ukitoa maandishi ya Kurani Tukufu yaliyosahihishwa kwa uangalifu, ili yatumiwe katika kompyuta na simu. Wao wamemruhusu kila mtu kuyanakili na kuyaeneza, lakini kuyabadili maandishi hawakuruhusu. Sharti hilo, lingewekwa juu ya programu ya kawaida, lingekuwa upuuzi, kwa kuwa programu isiyotengenezwa huoza. Na ruhusa ya kubadili, ingewekwa juu ya maandishi ya Msahafu, ingekuwa msiba. Kwa hivyo kuchagua leseni ni kazi ya kupima na kufikiri, si taklidi. Asiseme mtu: nimechagua hii kwa kuwa fulani wa Marekani ameichagua. Aulize: kitu changu ni nini, nani atakihitaji, nani aweza kudhurika, na ni nani walionisaidia kukijenga?

Basi kwa wenye kutaka nasaha, sisi twaona hivi. Kwanza, sharti lifikiriwe siku ya kuanza, wakati ingali kazi ya mtu mmoja au wawili. Siku hiyo kubadili ni rahisi na hakumdhulumu mtu. Pili, ikiwa wengine wamekwisha changia, waulizwe, hata kama karatasi waliyotia sahihi yatoa ruhusa ya kutowauliza. Na asiyeridhia, kazi yake iondolewe kwa heshima. Tatu, badiliko la kufungua mlango lina wepesi kuliko la kuufunga, na mwenye kufunga ndiye mwenye mzigo wa kutoa hoja. Nne, asiahidi mtu "daima" katika jambo asilolimiliki peke yake, kwani kampuni huuzwa, na wakuu wake hubadilika, nalo neno hubaki. Tano, sisi tunaotumia tusiwe wa kuteka tu. Asiyejua kuandika programu aweza kufasiri maelezo yake kwa Kiswahili, au kutoa shilingi zake, au hata kueleza kwa adabu penye kasoro.

Wala hatudai kuwa masharti hayabadiliki kamwe. Hata katika wakfu wako wanazuoni waliojuzisha kubadilisha ardhi kwa ardhi pale manufaa yake yalipokatika. Lakini walitaka dharura iwe ya kweli, na maslaha yawe ya waliowekewa wakfu, si ya msimamizi. Kipimo hicho chatosha kwa mas-ala yetu yote: badiliko hili lamnufaisha nani?

Na kabla hatujamaliza kuwahukumu watu wa mbali, tuutazame mji wetu. Mara ngapi zimechangwa fedha kwa ajili ya darasa la watoto, kisha zikajenga maduka ya kukodisha, ikasemwa kuwa ni maslaha? Mara ngapi katiba ya chama imebadilishwa katika mkutano ulioitwa usiku wa mvua, ili wale waliobeba mawe wasiwepo wakati wa kupiga kura? Mama muuza mahamri aliyetoa shilingi hamsini alitoa kwa neno aliloambiwa. Hakuiona karatasi, wala hakuhitaji kuiona, kwa kuwa aliwaamini wenye vilemba. Basi kabla ya kulibadili neno lile, mwendeeni mumuulize. Akikubali, mmepata baraka. Akikataa, mrudishieni hamsini yake.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuzichunga amana zetu na ahadi zetu, ndogo na kubwa, zilizoandikwa na zisizoandikwa. Wabillahi tawfiki.